Mashine Iliyokuwa Ikizimika Mchana

Kompyuta yangu ilikuwa ikizimika bila kuaga. Haikuwa ikiganda, wala haikuandika onyo lolote kwenye skrini. Nilikuwa katikati ya sentensi, kisha kiza, na feni zikamalizia mzunguko wao kwa pumzi ndogo. Kila mara jambo la kwanza nililofanya ni kuinua macho kuitazama balbu. Nilikuwa nikiiacha imewaka mchana kutwa kwa ajili hiyo tu, iwe shahidi. Ikiwa nayo imezimika, basi ni stima ya Msambweni yote, na sote tumo. Ikiwa inawaka, basi ni mimi peke yangu.

Balbu ilikuwa ikiwaka.

Nyumba ni ya bibi yangu mzaa mama. Macho yake yalipopungua nguvu, mjomba alimchukua akakae naye Jego. Wazazi wangu wana duka Taru, kando ya barabara kuu, na mimi nilikuwa nimemaliza chuo sina pa kwenda, nikaambiwa nikae Msambweni ili nyumba isilale tupu. Nikabaki na vyumba vinne, ua wenye mpapai mmoja, na friji iliyokuwa ikinguruma pasipo na kitu ndani.

Kompyuta niliijenga mwenyewe. Kasha lake nililinunua kwenye hoteli moja ya Diani ilipouza vifaa vyake vya zamani, na mpaka leo lina kibandiko cha mapokezi ubavuni. Vilivyobaki vilitoka Mombasa, vingine vipya, vingi vya mtumba. Rafiki yangu tuliyekaa chumba kimoja chuoni alinielekeza kwa simu ya video kutoka Nairobi: waya huu hapa, skrubu ile pale, usiguse hapo. Ilipowaka mara ya kwanza tulicheka sote wawili, yeye kule na mimi huku, kisha akasema ana safari, akakata.

Niliijenga kwa ajili ya kazi. Kampuni moja ya mbali ilikuwa imenichukua kwa majaribio, nisikilize sauti za watu wanaozungumza Kiswahili na kuziandika neno kwa neno. Rekodi zilikuwa zikitumwa mchana, na kila moja ilitakiwa imalizwe kwa kikao kimoja. Ukikatika katikati, inapewa mtu mwingine, na kwako panaandikwa kuwa haikukamilika. Zikizidi, majaribio yamekwisha. Sikumwambia mtu, hata mama. Niliogopa kusema nimepata, kisha wiki ya pili nianze kueleza namna nilivyokosa.

Kwa hiyo mashine ilipozimika mara ya kwanza sikuona kompyuta imezimika. Nilijiona nikipanda gari kurudi Taru na begi, na wateja wa dukani wakimuuliza baba kama huyu ndiye yule aliyesoma.

Nilimwandikia rafiki yangu. Alijibu upesi: "Msee, hiyo ni pawa saplai. Badilisha." Niliazima nyingine, kile kisanduku kinachogawa umeme, kwa mwenye saiba, duka la intaneti la karibu na hospitali, nikaifunga, ikafanya kazi asubuhi nzima. Baada ya adhuhuri ikazimika. "Basi ni ram," akaandika. "Toa, pangusa, rudisha." Nikakitoa kile kibao cha kumbukumbu, nikakipangusa, nikakirudisha. Ikazimika. "Joto je? Umecheki joto?" Sikuwa nimecheki. Nikaweka programu ya kusoma joto, na hapo nikaona namba ya prosesa, ule ubongo wa mashine, ikipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo, mpaka karibu na mia, kisha kiza. Nilimtumia picha. Akajibu: "Hapo sawa, umeipata. Niko job, nitakucheki."

Hakunicheki. Niliusoma ujumbe ule mara nyingi, nikiupima. Huenda alichoka nami. Huenda lile neno "sawa" lilikuwa la kunifukuza kwa adabu. Niliandika ujumbe wa kumshukuru, nikaufuta kwa kuwa ulikuwa mrefu mno, nikaandika mfupi, nikaufuta kwa kuwa ulionekana wa hasira.

Niliendelea peke yangu. Nilifungua kasha nikakuta vumbi la rangi ya udongo limeshikana na unyevu wa chumvi hata limekuwa kama manyoya. Nililisugua kwa brashi ya rangi. Niling'oa feni ya prosesa, nikaukuta ule uji mweupe unaopakwa chini yake umekauka na kupasuka, nikapaka mwingine. Nilizigeuza feni za kasha, moja ivute hewa na nyingine iitoe, kisha nikaingiwa na shaka nikazigeuza tena. Asubuhi mashine ilikuwa nzima. Jioni ilikuwa nzima. Mchana, wakati kazi inapokuja, ilizimika.

Lazima niseme namna chumba kile ninachofanyia kazi kilivyo. Paa ni la mabati, na dari iliondolewa tangu ilipoliwa na mchwa. Kina dirisha moja la mbao, nalo linatazama ujia. Kila anayetoka dukani, msikitini, kisimani au kwenye shughuli hupita hapo, karibu hata ukinyoosha mkono utamgusa bega. Bibi alikipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa akikaa pale akijua nani kaenda wapi na kabeba nini.

Mimi nililifunga wiki chache baada ya kufika. Huku kwetu mtu hapiti dirisha lililo wazi kimya. Atakusalimu, nawe utajibu, atauliza habari za nyumbani, na bibi hajambo huko Jego, na wa Taru wazima, na kisha, kwa kuwa ndiyo adabu, atauliza kazi je. Hakuna aliyeuliza kwa ubaya. Mwanzoni nilijibu: "Bado, tunaomba dua." Nikajibu hivyo mpaka neno "bado" likaanza kuniuma kabla sijalitamka. Nikaweka komeo. Wapitao waligonga, wakaita, wakadhani nimelala au nimetoka, na mimi nikawa napunguza sauti ya kukohoa.

Ndani humo, na spika za masikioni, nilikuwa nikisikiliza watu nisiowajua wakiamkuana. Hujambo dada, sijambo, watoto wazima, wazima, yule wa mguu je. Nilitakiwa niandike kila neno, hata "mmh". Niliandika vizuri. Nilijua wapi mtu amevuta pumzi.

Siku moja niliitoa mashine uani ili niipulize vumbi pasipo kuchafua chumba. Nilivuta waya mrefu kutoka ukumbini, nikaiwasha chini ya kivuli cha ukuta, ubavu wazi, nikaiacha ifanye kazi nzito makusudi. Namba haikupanda. Nilikuwa nimeiinamia ninaitazama pale jirani alipoingia kumtafuta kuku wake.

Huyu ni shoga wa bibi tangu usichana wao, muuza mahamri. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wa shoga yake, huniita mume wake, na utani huo haujawahi kumchosha.

"Leo mume wangu katoka nje," alisema. "Nani kakutoa?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi nilidhani umo ndani unaatamia. Maana huyu kuku wangu anaatamia, lakini yeye hutoka kula." Akaitazama mashine iliyo wazi, waya nje. "Na huyu ndiye mke mwenza?"

"Ni kompyuta, bibi. Inazimika."

"Ana homa?"

"Ndiyo. Joto linampanda."

"Pole zake. Mimi simuuguzi mke mwenza." Akamwona kuku nyuma ya pipa, akaenda kumkamata, na akiwa ameinama akauliza, "Bibi yako kanipigia simu. Auliza kazi."

"Bado, bibi."

"Haya. Mungu yupo." Akamkumbatia kuku, akatoka. Nilibaki nikiisikiliza mashine iliyokuwa ikifanya kazi bila kosa alasiri nzima.

Nilifikiri ni ubavu, kwamba kasha linaikaba. Nikairudisha chumbani ubavu wazi. Ikazimika. Nilifikiri ni tundu la umeme la chumbani, nikavuta waya wa ukumbini mpaka chumbani. Ikazimika. Nikaleta feni ya mezani, nayo ikawa inalikoroga lile joto kama uji na kunirudishia usoni. Jibu lilikuwa mbele yangu nami nikalizunguka. Niliwaza kuhamia ukumbini, lakini hewa yake huingia kwa mlango wa ujiani, na chumba cha nyuma hakina dirisha kabisa. Niliwaza kubaki uani, lakini mvua ilikuwa imeanza, na kuku walikuwa wakiimba juu ya sauti za rekodi. Nilisoma mijadala ya watu kwenye mtandao wakibishana juu ya prosesa zinazokufa, na nakiri nilitamani yangu iwe imekufa. Prosesa ikifa unanunua nyingine. Hewa ya chumba kile ilikuwa na njia moja tu ya kuingia, nayo ilikuwa na komeo nililoliweka mwenyewe.

Kisha ukaja ujumbe kwamba zimebaki nafasi chache za kukosea, na kwamba kesho yake ingetumwa rekodi ndefu ambayo ndiyo watakayoitumia kuamua. Ingekuja baada ya adhuhuri.

Nililifungua dirisha mapema, kabla sijawa na nafasi ya kujibishana na nafsi yangu. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu nikazigonga kwa kisigino cha ndara. Mwanga uliingia na harufu ya samaki wa kukaanga, na chumba kikavuta pumzi. Nilivaa spika sikio moja tu. Namba ya joto ilikuwa chini, ikakaa chini. Nilianza kuandika.

Wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye baiskeli. "Ah, kumbe upo," alisema, na nilipojibu habari zake zote akaendelea na njia. Nilirudi nyuma kidogo kwenye rekodi, nikaandika tena. Wakapita wasichana wawili, wakacheka, sijui kilichowachekesha, nikakitafuta kwa muda. Kisha kivuli kikaangukia kibodi, na viwiko vikatua kwenye kizingiti cha dirisha.

"Mume gani huyu," alisema jirani, "nampitia miezi kajifungia kama mwari, leo kafungua hata kuniita hakuniita."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Habari za humo?"

"Njema." Niliitazama skrini. Mtu ndani ya sikio langu alikuwa akieleza namna ya kupika wali, nami nilikuwa nikimwacha. Kama ningezima rekodi kwa muda mrefu, kikao kingejifunga. Kama ningemkatiza, ningekuwa nimemvunjia heshima mtu aliye kama bibi yangu. Nilihisi shingo ikipata moto kuliko prosesa.

"Kazi je?" aliuliza, kama kawaida.

"Niko kazini, bibi."

Alichungulia chumba chote, kitanda, chandarua, mashine. "Kazini wapi?"

"Hapa. Kuna watu wa mbali wamenipa. Nasikiliza watu wakizungumza, naandika."

"Watu gani?"

"Siwajui."

"Hao wasemao ndio wanaolipwa, au wewe usikilizaye?"

"Mimi. Nikimaliza hii salama."

"Na mimi ninavyokusemesha bure." Akaviondoa viwiko polepole. Hakutania tena. "Basi si ungesema, mwanangu," alisema, na hiyo ndiyo mara ya pekee aliyowahi kuniita mwanawe. Nilimsikia akiwaambia waliokuwa wakija nyuma yake, kwa sauti ya mtu apitaye penye mgonjwa: "Msimpigie kelele. Yuko kazini."

Nilimaliza. Mashine haikuzimika. Niliyatuma maandishi, nikabaki nimekaa vile vile mikono juu ya kibodi, nikingoja kiza ambacho hakikuja. Siku chache baadaye walinithibitisha. Nilimpigia mama, akasema alhamdulillahi, akamwita baba, na baba akauliza kama ni kazi ya kudumu. Nilimwandikia rafiki yangu pia: "Ilikuwa dirisha." Alituma alama ya kucheka.

Sasa dirisha huwa wazi tangu asubuhi, na namba ya joto haivuki ninapotaka. Neno la jirani lilienea ujia mzima. Wanaokuja wakizungumza huanza kunong'ona wakifika kwenye ukuta wangu. Watoto huvutwa mkono. Mahamri nayakuta kizingitini, yamefunikwa kwa kipande cha gazeti, bila mtu. Nilipokuwa nimefunga walikuwa wakigonga na kuniita, na mimi nikajificha. Nilipofungua wamenihurumia wakaniacha.

Jana nilisikia ndara zikipunguza mwendo, nikaitambua kanga ya jirani pembeni mwa jicho, inapita. Nilivua spika. Sikuwa na neno la maana.

"Shikamoo, bibi," nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Alikwisha kupita dirisha. "Marahaba, mume wangu," alijibu bila kusimama. "Fanya kazi, nisikucheleweshe."

"Sijachelewa," nilisema. "Bibi. Rudi kidogo."

Nilizisikia ndara zikisimama.