Mkanda Uliofungwa Hewani

Nimepaka rangi vyuma vya majengo kwa miaka kumi na tisa, na nimekutana na wasimamizi wa kila aina: walevi, wacha Mungu, hata mmoja aliyezimia alipoona damu ya kuku. Lakini yule wa ghala la alizeti tulilojenga karibu na Kibaigwa bado sijampata mwenzake. Alikuwa na dini yake peke yake, na dini hiyo iliabudu mkanda wa usalama.

Kila asubuhi alitupanga mstari, mafundi kumi na wawili na mimi mwanamke peke yangu, akapita na karatasi yake.

"Umevaa?"

"Nimevaa."

Anaweka tiki, anahamia kwa mwingine. Akimaliza anatupiga picha ya kutuma makao makuu, mikanda imetubana kifuani na mapajani, kofia ngumu kichwani, nyuso tumezikunja kwa jua. Picha nzuri sana. Ungetuona ungesema hawa hawawezi kufa.

Kisha tunapanda, na huko juu hakuna pa kujifunga. Mkanda ule una kamba mbili zenye kulabu, na kulabu inataka kitu cha kushika, yaani waya wa chuma uliokazwa kutoka mwisho mmoja wa paa hadi mwingine. Waya haukuwepo. Basi kila mtu alizungusha kamba zake kiunoni, akaning'iniza kulabu ubavuni, akaendelea na kazi. Tulikuwa kama dereva wa bodaboda anayevaa helmeti kwenye kiwiko. Kiwiko kiko salama, kichwa shauri yake.

Nilimuuliza wiki ya kwanza. "Injinia, hizi kulabu tunafunga wapi?"

Akanitazama kama niliyemuuliza habari za chumbani kwake. "Mama, umevaa au hujavaa?"

"Nimevaa."

"Sasa?"

Wiki ya pili nilimuuliza tena, akanijibu kwa methali. "Ajali haina kinga, mama."

Sina ugomvi na methali, nina ugomvi na midomo inayozibeba. Gari la bwana huyu lilifunikwa turubai kutwa nzima lisichubuliwe na vumbi, na kuku wa mlinzi wakilisogelea anawafukuza kwa mawe. Kumbe kinga anaijua. Ni ajali zetu tu ndizo hazikuwa nayo.

Nisijifanye malaika, maana hata sisi tulikuwa wapumbavu. Mtu akiuliza fulani yuko wapi, akaambiwa yuko juu ya paa, wenzake wanaitikia, "Aliye juu mngoje chini!" na kucheka mpaka wanashika mbavu. Nami nilicheka. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilicheka.

Kati yetu alikuwepo fundi wa mabati, Mgogo wa vijiji vya Mpwapwa, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole kupita kiasi. Alikulia machungani, Kiswahili alikipata ukubwani, akawa anachagua maneno yake moja moja kama anayechambua mchele. Ukimwambia panda, anapanda. Ukimwambia pembeni kabisa, anaenda pembeni kabisa. Msimamizi alikwishaugundua upole huo, na sehemu zote ambazo wengine walizitazama mara mbili zilikuwa zake. Wiki ninayoisimulia alipewa ukingo wa magharibi, ambao chini yake ilikuwa sakafu ya zege yenye nondo zilizochomoza zikisubiri mashine. Jumamosi yake alikuwa aende nyumbani, binti yake anapata kipaimara.

Alhamisi tuliamka na upepo. Anayeijua Dodoma ya Agosti hahitaji maelezo, na asiyeijua ajue hivi: mashamba yamekwisha kuvunwa, hakuna kinachozuia chochote, na upepo unakuja na mchanga wa kijiji kizima. Bati refu likiwa mikononi mwa mtu juu ya paa, upepo ule hauulizi nani kashika nani. Nilipotoka nyumbani alfajiri nilikuwa nimeshafunga kilemba mara mbili, na nilipofika saiti nikamkuta msimamizi anaweka tiki zake.

"Umevaa?" akamuuliza fundi wa mabati.

"Nimevaa, bosi."

"Haya, ukingo wa magharibi. Leo nataka uishe."

Hasira zikanipanda. Ngazi ya kupandia ilikuwa moja tu. Nikaenda nikatandika kanga yangu kwenye kidato cha kwanza, nikakalia, nikaegemea.

"Mama, unaumwa?" msimamizi akauliza.

"Siumwi."

"Basi wapishe watu wapande."

"Waya ukifungwa watapanda."

Akacheka, akawatazama mafundi wacheke naye, hakuna aliyemfuata. Akanuna. "Mrukeni," akasema.

Mafundi kumi na wawili walitazama viatu vyao. Mimi ni mtu mzima, ninaye mtoto anayelingana na msimamizi mwenyewe, na mama aliyekaa harukwi. Hilo wanalijua Wagogo, wanalijua Warangi, na hata wale wawili waliotoka Dar es Salaam walilijua. Kumruka ni kumtukana, na kumtukana ni kujitafutia balaa ambalo mkanda hauzuii.

Basi akaja mwenyewe. Aliinua buti lake mpaka usawa wa bega langu, likabaki hapo hewani.

"Ruka," nikamwambia. "Ruka, mwanangu, halafu mpigie mama yako simu umweleze ulichofanya."

Buti likashuka. Akaondoka akipiga simu, akarudi, akaondoka tena. Mimi nimekaa, nyonga zinaniuma, mchanga umejaa masikioni. Mwishowe akasalimu amri, akaagiza waya ufungwe.

Na waya ulikuwa wapi? Stoo! Umeviringishwa mzima, na vibanio vyake, tangu mwezi wa kwanza wa kazi. Mtunza stoo alikuwa anaukalia akinywa chai. Mafundi walipomwomba ainuke alilalamika kwamba ndicho kiti chake. Niliwapisha wawili tu wapande kuufunga, nikakaa tena. Kuukaza kutoka kenchi ya kwanza ya paa hadi ya mwisho kulichukua saa mbili, yaani usalama wote uliotushinda miezi miwili ulikuwa chini ya matako ya mtu mmoja.

Saa tano mafundi wote walipanda, kulabu zikashika waya. Nikainuka, nikakung'uta kanga, nikaenda upande wa mashariki kupaka nguzo. Upepo ulizidi. Wakati fulani nilisikia bati likianguka upande wa pili kwa kishindo. Sikusikia mtu akipiga kelele, nikachovya brashi yangu nikaendelea.

Saa saba na nusu tuliketi kivulini mwa lori kula ugali kwa mlenda. Msimamizi akatujia, simu mkononi, amejaa upepo kuliko ule wa nje.

"Mmefurahi? Asubuhi nzima imepotea kwa ajili ya mama mmoja na maneno yake. Haya, niambieni. Tangu mpande, nani ameanguka?"

Watu wakainamia sahani.

"Semeni! Nani ameanguka?"

Nilikuwa na jibu lake mdomoni, tena chafu, la kumharibia chakula cha siku mbili. Kabla sijalitema, fundi wa mabati akaweka tonge lake kwenye sahani, akasimama.

"Mimi," akasema. "Mimi nimeanguka, bosi."

"Umeanguka wapi na wewe umesimama hapa?"

Fundi akafungua vifungo vya shati. Begani alikuwa na mistari miwili, myekundu imeshaanza kuwa myeusi, pale mkanda ulipombana. Akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa magharibi, akatafuta maneno yake.

"Bati limekwenda na upepo. Na mimi nimekwenda nalo. Miguu yote ilikuwa nje. Kamba imekataa kuniachia."

Akakaa. Akalichukua tonge lake, akalichovya kwenye mlenda, akaendelea kula.