Pazia la Presi Namba Nne

Kaleli alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukuwahi kumpandisha cheo: alisoma karatasi zinazokuja na vitu. Mkewe, Carolyne, aliponunua pasi ya umeme, nguo za nyumba yao ya Makongeni zilikaa siku mbili na makunyanzi kwa sababu mzee hajamaliza ukurasa wa tahadhari. Dawa ya kikohozi aliisoma mpaka mtoto akapona mwenyewe. Kwa hivyo mwaka wa 1997, kiwanda cha bawaba alikokuwa fundi wa umeme, pale Thika, kilipoletewa pazia la mwanga, ni yeye tu aliyefungua kitabu chake. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha sita. Wakubwa zake walikuwa wamekiacha katika zote sita.

Pazia lenyewe lilikuwa nguzo mbili nyembamba za manjano, urefu wa mkono wa mtu. Unazisimamisha kushoto na kulia kwa mdomo wa mashine. Moja inatuma miale isiyoonekana, nyingine inaipokea. Mkono ukikata miale hiyo, taa ya kijani inageuka nyekundu na mashine inasimama. Ndivyo picha ya kwenye sanduku ilivyoahidi. Kampuni ililinunua kwa sababu mwaka uliotangulia mama mmoja, Nafuna, aliacha vidole viwili ndani ya Presi Namba Nne, mashine ya kukandamiza bamba la chuma liwe bawaba, na watu wa bima wakasema vingine hawavitaki.

Mahali pa Nafuna alipewa Ndunge, mama wa watoto watatu kutoka upande wa Matuu, mwenye mdomo mwepesi na vidole kumi. Ndunge alilisha presi kwa koleo refu: anaingiza bamba, anakanyaga pedali, anachomoa bawaba. Kazi ya polepole, lakini mkono unabaki nje. Siku sanduku lilipofika, msimamizi wao, Dalmas, alilichukua lile koleo akalifungia stoo.

"Sasa uko na taa," alimwambia. "Mkono ni haraka kuliko koleo. Kuanzia Jumatatu nataka bawaba elfu mbili kwa zamu."

"Hiyo taa imekubali?"

"Fundi anafunga leo. Muulize yeye."

Fundi alikuwa amefika ukurasa wa kumi na moja. Hapo iliandikwa, ndani ya mstari mnene mweusi, kwamba kifaa hiki kisifungwe kwenye mashine isiyoweza kusimamishwa katikati ya safari yake. Kaleli aliisoma kwa Kiingereza mara mbili, kisha akajaribu Kifaransa, asichokijua, akitumaini kwamba Wafaransa wamelegeza kidogo.

Presi Namba Nne ilikuwa imeanza kazi kabla ya uhuru. Ubavuni ilibeba gurudumu zito lililozunguka kutwa nzima. Ukikanyaga pedali, ulimi wa chuma unalinasa gurudumu, na kichwa cha presi kinashuka hadi chini na kurudi juu. Ulimi ukishanasa, hakuna breki, hakuna kurudi nyuma, hakuna majadiliano. Ukizima umeme, gurudumu linaendelea na shughuli zake.

Hata hivyo Kaleli alilifunga pazia, maana aliagizwa. Kisha akachukua gunzi la mahindi, akalifunga kwenye ufito mrefu, akamwomba Ndunge akanyage pedali akiwa mbali. Kichwa kilipoanza kushuka, alipitisha gunzi katikati ya nguzo. Taa ikageuka nyekundu papo hapo, nyekundu nzuri sana. Mota ikazima. Kichwa kikashuka mpaka mwisho, na gunzi likawa unga.

Ndunge aliuangalia ule unga.

"Kaleli, hii kitu imenionyesha tu rangi ya damu mapema."

Kaleli alipiga simu Ruiru, kwenye ofisi kuu, kwa meneja Jeconia.

"Taa ilibadilika?" Jeconia aliuliza.

"Ilibadilika, bwana. Lakini presi haikusimama."

"Nimekuuliza kuhusu taa."

"Ilibadilika."

"Basi inafanya kazi."

Kesho yake Kaleli alikwenda Ruiru mwenyewe, kitabu kwapani. Zainab, karani wa pale, alimweka kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa saba, akimhurumia kwa chai. Alipoingia hatimaye, alifungua ukurasa wa kumi na moja mezani. Jeconia aliusukuma pembeni kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayeondoa sahani ya jirani.

"Bwana Kaleli, hiki kitu kimetoka Ulaya."

"Hata kitabu kimetoka Ulaya, bwana."

"Wewe ni fundi wa umeme ama wakili wa mashine?"

"Tununue presi yenye breki, bwana. Ama Ndunge arudishiwe koleo."

"Koleo! Watu wa bima wanakuja Ijumaa, wakute mama ameshika koleo kama anageuza chapati? Ijumaa nataka taa inawaka na sahihi yako chini ya fomu."

Kaleli alirudi Thika na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. Angeweza kumpigia nani kelele? Dalmas aliagizwa na Jeconia, Jeconia aliagizwa na bima, na bima iliagiza kitu kizuri kifungwe mahali pabaya. Kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake, na matokeo yake ni kwamba Jumatatu Ndunge angetia mkono mtupu mahali pa Nafuna.

Alhamisi alizima presi, akafunga swichi kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, na kusubiri gurudumu lichoke. Alikuwa amechomelewa wavu mnene wa chuma na fundi mmoja wa Makongeni, wa kuziba mdomo wote wa presi na ubavu wake, na kuacha mwanya mmoja tu wa kupitishia bamba.

"Nipe kidole," alimwambia Ndunge. "Kile kidogo."

"Haya, na pete iko wapi? Carolyne anajua?"

"Napima mwanya, mama. Kikipita, naubana tena."

Kilipita mara ya kwanza mpaka kwenye kucha. Akaubana. Mara ya pili hakikupita, na Ndunge alisukuma kwa bidii kabisa, akitukana kwa Kikamba. Kisha Kaleli akailaza presi nyuma kidogo, kama ilivyoundwa ilazwe, ili bawaba ziteleze zenyewe hadi kwenye karai. Hapakuwa tena na sababu ya mkono wowote kuingia. Mbele ya wavu aliziacha nguzo za manjano. Kwenye fomu, palipoandikwa "kinga ya mashine", aliandika "wavu wa chuma", akatia sahihi.

Ijumaa mtu wa bima alifika na koti la kijivu. Jeconia alipitisha gazeti katikati ya nguzo. Taa ikawa nyekundu. Mgeni akafurahi kama aliyeonyeshwa mtoto mchanga.

"Na hii senyenge?"

"Ya kuzuia vumbi," Jeconia alisema.

Mgeni alipoondoka, Jeconia aliamuru wavu utolewe. Ndunge alishuka kwenye kiti chake.

"Ukitoa, mimi sikanyagi. Mkanyage nyinyi wawili na Dalmas, mkipokezana."

Jeconia alitazama karai. Lilikuwa limejaa kuliko siku za koleo, na mteja wa Nakuru alikuwa akisubiri bawaba zake. Akasema wavu ubaki kwa sasa. Jumatatu Kaleli alipokea barua ya onyo, iliyopigwa taipu na Zainab bila kosa hata moja, kwa kuharibu sura ya mtambo. Aya ya pili ilimkabidhi jukumu la kufuta vioo vya pazia kila asubuhi, kwa kuwa pazia ni mali ya thamani. Aya ya tatu ilisema presi nyingine tatu zitafungiwa mapazia kama hilo. Akaomba wavu wa hizo tatu. Akajibiwa kwamba si lazima, mapazia yako njiani.

Basi kila asubuhi, kabla ya king'ora, alifuta kwa kitambaa safi nguzo mbili zilizolinda wavu wa chuma. Ndunge alisubiri amalize, miguu mbali na pedali.

"Na siku moja hiyo taa ikikataa kuwaka?"

"Hakuna kitu itafanyika."

"Na ikiwaka?"

"Pia."

Ndunge akavuta bamba, akalipitisha kwenye mwanya, akakanyaga.