Tulibeba magobore ya maigizo kwenye machela, watu wakalaza majembe wakidhani ni maiti

Habari za jioni wakuu. Hii siyo chai, imenikuta mimi mwenyewe huku Karagwe, na mpaka leo nikiona machela nageuza njia.

Nina kikundi cha maigizo ya historia. Tunaigiza zama za wafalme wa Karagwe, misafara ya pwani ilipoanza kuingia na bunduki.

Mtengenezaji ni mimi: mikuki, ngao, pembe za baruti (hizi ni pembe za ng'ombe kabisa, wafugaji wa huku hawana choyo) na magobore.

Magobore nachonga kwa mti wa mgrevilea, napaka masizi na mafuta mpaka mti ung'ae kama chuma. Tundu la mdomoni linaishia urefu wa kidole tu. Lakini ukiliona gobore lenyewe kwa mbali utakimbia, na hilo ndilo nilikuwa najivunia.

Sasa tukaalikwa kuonyesha igizo kule Nyabiyonza. Bodaboda wote wakagoma: "Nikisimamishwa nayo nitasema nini?" Mwenzangu Deo akaazima machela ya kijiji. Manyunyu yalikuwa yameanza na rangi bado mbichi, tukayafunika magobore shuka gubigubi.

Wakuu, hapo ndipo tulipoharibu. Kwetu mgonjwa kwenye machela anaachwa uso wazi. Ukifunika mpaka kichwani, umebeba maiti.

Shamba la kwanza tu, watu wakalaza majembe. Huku halimi mtu msiba ukipita. Mama mmoja akavua kilemba, akajifunga kiunoni, akaanza kulia.

Kabla sijapata neno, wanaume wawili wameshatutua machela begani, wanabeba wao. Nikawa natembea nyuma ya magobore yangu kama mfiwa, sijui nianzie wapi kusema.

Mmoja akateleza kwenye tope. Shuka likafunguka, midomo ya bunduki ikachungulia.

"Mawe!" mmoja akamaka kwa Kinyambo, yaani mama yangu. "Majambazi!"

Tukazungukwa. Walikuwa na mapanga, maana walitoka kupogoa migomba. Na swali la kwanza halikuwa hizi ni nini. Lilikuwa, "Nyie ni wa wapi?"

Sijawahi kuogopa vile. Babu yangu alitoka Rwanda. Mimi nimezaliwa Nyakasimbi, hukuhuku Karagwe, lakini jina langu linasema mengine, na huku karibu na mpaka, mwenye jina kama langu akikutwa na bunduki anaweza kupigwa kwanza, maelezo baadaye. Deo ni Mnyambo kabisa, mwenyeji wa huku, angeweza kunisemea, ila macho yake yalikuwa kwenye mapanga tu.

"Shikamooni wazee," nikasema. "Waitu, ndugu zangu, hizi ni za maigizo."

Wakazidi kutusogelea.

Yule mama aliyekuwa analia akasogea mbele. "Kama ni za maigizo, vunja."

Nikachukua lile nililolipenda kuliko yote, nikalipiga kwenye jiwe. Halikuvunjika. Nikapiga tena, kwa mara ya kwanza naomba kazi yangu iwe mbovu. Likapasuka.

Mzee mmoja akaokota kipande, akakigeuza. "Mgrevilea huu!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mama hakucheka. "Jembe nimeshalilaza, leo silishiki tena. Na machozi yangu je?"

Nikamwomba radhi. Wakarudi makwao, na machela tukabeba wenyewe mpaka Nyabiyonza.

Funzo: mjulishe mwenyekiti wa kitongoji kabla hujapita na vitu vya namna hii, na kwenye machela usifunike kitu gubigubi.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kingine. Waliponidhania mfiwa walinitua mzigo bila kuuliza jina. Walipoona bunduki ndipo wakataka kujua kwetu ni wapi.

Wakuu mnaoishi mipakani, nyie swali hilo huwa mnalijibuje?

Na yule mama nimemuwaza sana. Nataka nirudi na jembe langu nikamlimie kipande alichokiacha. Au nitamtisha tena?