Gego Lisiloota Kinywani

Mtoto anapiga miayo. Mama Shuka anainua kidole, na chumba kizima kinanyamaza: mama mzazi, baba, hata muuguzi aliyekuwa akichekea simu yake.

"Anyonye mpaka ajisahau," ananong'ona. "Ukimtoa sasa hivi tutaanza upya, na bosi atakuwa yeye."

Binti huyo wa miezi mitano amezuiwa kulala tangu alfajiri makusudi, ili asinzie sasa. Ananyonyeshwa mlangoni mwa mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, anaviringishwa shuka mikono ikiwa ndani, anazibwa masikio, kisha anatelezeshwa humo bila dawa ya usingizi. Mtoto anayehema mbiombio kisha pumzi ikasita, kama huyu, hapewi dawa hiyo hivi hivi. Ufundi huo wa kuviringisha ndio uliompa jina mpiga picha huyu, ambaye ana miaka ishirini na miwili kazini.

Mashine inaanza kugonga kama fundi bati. Mtoto hatikisiki. Nyuma ya kioo, Mama Shuka anatazama picha za ubongo zikipita kwenye skrini mpaka zinapofika kwenye shina lake, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hapo anaacha kutafuna bazoka.

Kwenye skrini pana umbo la jino la gego, na mizizi yake miwili. Ni alama ya ugonjwa adimu wa kurithi, ambamo shina la ubongo haliumbiki sawasawa tangu tumboni.

"Ukishaliona mara moja, halikupotei tena," anasema. "Na kila nikiliona naomba macho yangu yawe yamenidanganya."

Kutoa majibu ni kazi ya daktari, na Mama Shuka hagombei kazi hiyo. Kinachompa tabu ni uso wake. "Wazazi hawasomi skrini. Wananisoma mimi." Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango hufuta kioo kisicho na vumbi mpaka uso umtulie. Leo anakifuta muda mrefu, kisha anampigia daktari aje papo hapo.

Mama mzazi anamdaka mlangoni. "Dada, niambie tu. Ni mimi?"

Mtoto wake wa kwanza alikufa vivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, akihema, mwili ukiwa mlegevu, na hakupigwa picha yoyote. Mama mkwe alisema ni kwa sababu alibeba ndoo za maji akiwa mjamzito. Mume hakukubali wala hakukataa, na kimya hicho kilimchoma mkewe kuliko maneno ya mkwe.

"Daktari anakuja, mdogo wangu," anajibu Mama Shuka. "Nitakaa na wewe."

Daktari anavuta kiti na kueleza taratibu. Mtoto atachelewa kukaa na kutembea. Atahitaji mazoezi, na macho na figo zake zichunguzwe mara kwa mara. Hitilafu ameirithi pande zote mbili, kwa wazazi walioibeba bila kujua. Wa kwanza, kwa dalili hizo, huenda alikuwa nayo pia.

"Na ndoo?" anauliza mama.

"Ndoo hazihusiki hata kidogo."

Baba anakohoa. "Kwa hiyo na mimi?"

"Na wewe, kaka. Sawasawa na yeye."

Baba anamwekea mkewe mkono begani. Mwanamke anauondoa polepole.

"Miaka mitatu," anasema. "Miaka mitatu ulikuwa unanitazama tu." Kisha anamlilia mtoto wake wa kwanza kana kwamba amefariki asubuhi hii. Mama Shuka, aliyempakata huyu mdogo, analia naye waziwazi.

Siku hizi, akitoka kazini, hupita kliniki za watoto kuwafundisha wauguzi dalili: pumzi zinazokimbia na kusita, macho yasiyotulia, shingo isiyokaza. Anajua mashine yake haiponyi.

"Kila gego nililoliona hapa lilikuwa la mtoto wa pili," anasema. "Kabla sijastaafu, nataka niletewe wa kwanza, mama yake akiwa bado hajalaumiwa na mtu."