Wigo wa Mkole

Nilipokuwa mtoto, kwetu huko nyuma ya Temeke watu waligombana na nguruwe pori kuliko walivyogombana na Mwingereza. Mwingereza alikuwa mjini na bendera yake. Nguruwe walikuwa papo hapo vichakani, na kila usiku walikuja kula. Siku hizi nyumba za matofali zimebanana pale hata mbuzi hana pa kugeukia. Ukimwambia kijana kwamba palikuwa na nguruwe wenye meno ya kuchana mtu, atakucheka. Mimi sicheki.

Mwaka huo mvua za vuli zilitupita, na muhogo ndio uliobaki kuwa chakula chetu. Baba yangu, Salum, alikuwa kuli wa bandarini siku alizopata kazi, mkulima siku nyingine, na mtu wa hasira siku zote. Simsengenyi marehemu, hata waliompenda walimwita Pilipili. Asubuhi moja alikuta matuta manne yamefukuliwa, mizizi imetafunwa na kutemwa. Alichuchumaa akaishika ile mizizi mmojammoja. Kisha akasimama, akaapa kwamba atajenga wigo ambao nguruwe atauzunguka mpaka achoke.

Wigo wa majirani ulikuwa wa miiba na makuti, wa kumtisha kuku. Wa baba ulikuwa wa miti mitupu: nguzo zilichimbiwa hadi usawa wa goti, na fito zikasukwa katikati yake na kukazwa kwa kamba za makumbi, ukapita kimo cha mtu. Mama na mimi tulivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Kazi ilipofika upande wa chini, fito zikaisha, na vichaka vya karibu vilikuwa vimeshakatwa kuni. Mti mzuri uliosalia ulikuwa mkole.

Kwetu Wazaramo, mkole ule haukuwa mti wa kukatwa. Msichana akivunja ungo huwekwa ndani, na siku ya kutolewa wanawake humpeleka chini ya mkole, wakamfunda na kumwimbia yale ambayo mwanamume hayasikii. Bibi yangu alifundwa pale, na shangazi zangu, na mimi nilingojea zamu yangu. Mwanamume hupita mbali nao, seuze kuutia shoka. Tatizo ni kwamba matawi yake hunyooka vizuri, hupinda bila kuvunjika, na fito nzuri kuliko hizo hujapata kuziona.

Baba hakuwa mgeni wa bara wa kusema hakujua. Alizaliwa pale pale. Aliukata mchana kweupe.

Alasiri wanawake walikuja na michi ya kutwangia, kama kumi na tano hivi. Mbele yao alikuwa bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa kungwi wa wasichana wote wa pale. Walimkuta baba akisuka fito za mkole. Wakampiga. Walimpiga mgongoni, magotini, kichwani, mchi wa mmoja ukishuka wa mwingine unapanda, na mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mama nikizisikia zile sauti nzito kama watu wanatwanga kweli. Baba, mtu wa kubeba magunia mawili, hakuinua mkono hata mmoja, kwa sababu mama yake alikuwa anatazama. Jicho moja lilivimba likafunga, na damu ikamtoka sikioni.

Bibi akawasimamisha. "Salum, mti huu umebeba siri za mama zako wote. Leo umeufanya wigo?"

"Siri hazipikwi, mama," baba akasema, anatema damu. "Watoto wanataka muhogo."

"Haya. Jenga. Lakini sikia: wigo wa mkole haumfungii mnyama nje. Unamfungia mwenye nao ndani."

Kesho yake aliumaliza kwa jicho moja.

Mlango ulikuwa wa fito vilevile, na kamba yake ilikuwa kwa nje. Kuufunga kila magharibi ilikuwa kazi yangu. Mwezi mzima nguruwe hawakuingia. Walizunguka, wakafukua chini, wakasukuma kwa vichwa, na zile fito zilipinda zikarudi. Baba akaanza kupiga miluzi. Bibi hakukanyaga kwetu, na wapo wanaume waliomtania njiani: "Shikamoo bi mkubwa, mkole wako umelala?" Aliitikia marahaba, akapita.

Kisha jioni moja nikacheza mdako na wenzangu mpaka giza likaingia, na mlango nikausahau.

Alfajiri baba aliniamsha kwa sikio, akanivuta hivyo hivyo hadi shambani. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kisimani. Ndani ya wigo alikuwamo dume la nguruwe, nywele za mgongo zimesimama, anatafuna bila haraka. Baba alinipiga kofi nikaanguka, nilipoinuka akanipiga la pili. Kosa lilikuwa langu.

Hapo ilitosha kuuacha mlango wazi na kurusha mawe mawili matatu, nguruwe angekwenda zake. Sisi ni Waislamu. Hata nyama yake tusingeigusa. Lakini baba alikuwa amepigwa mbele ya mkewe na mtoto wake kwa ajili ya wigo ule, na sasa adui yake amekaa ndani anakula. Alichukua panga akaingia.

"Funga!" akanipigia kelele. "Leo hatoki huyu!"

Nikafunga, mafundo mawili, nikakaza.

Nilitazama kwenye upenyo wa fito. Panga la kwanza lilimpata bega, likafungua nyama mpaka weupe ukaonekana. Nguruwe akalia, akakimbia akijipiga kwenye wigo, huku na huku, damu ikitapakaa juu ya majani ya muhogo. Baba akamfuata anamtukana, akamkata tena, na tena. Mnyama asiye na njia hana woga. Aligeuka. Panga likapiga mfupa wa kichwa likaruka, na meno yakaingia pajani kwa baba yakapanda juu. Nilisikia nyama ikichanika. Alianguka, nguruwe akamrudia tumboni, baba akimpiga ngumi za macho. Sijui alisimama vipi, lakini alisimama, akaja mlangoni akijiburura.

Nikaliona jicho lake kwenye upenyo.

"Zena, fungua," akasema. Hakupiga kelele. Sijawahi kumsikia akisema nami kwa upole vile.

Nikashika kamba. Nyuma ya bega lake nikamwona nguruwe anakuja, mdomo una povu jekundu. Nikaiachia.

"Zena! Fungua, mwanangu!"

Nikakimbia.

Nilikimbia hadi kwa bibi, nikaonyesha kidole tu upande wa shamba. Alitoka bila kanga ya kichwani. Tulipofika, baba alikuwa amelala chini nyuma ya mlango, bado anapumua, na nguruwe alikuwa amelala kwenye matuta anakoroma damu. Bibi hakulia. Aliitazama kamba, jinsi ilivyofungwa kwa nje. Akanitazama mimi, na shavu langu lililovimba. Akayafungua mafundo yangu kwa meno na kucha, akausukuma mlango wazi kabisa, akaitupa kamba kichakani. Ndipo alipojitwika mikono kichwani akapiga ukelele uliowatoa watu wote majumbani.

"Mkole! Mkole umemchukua mwanangu!"

Watu walikuta mlango wazi. Walimbeba baba juu ya kitanda, akakata roho kabla hawajafika barabara kubwa. Matanga mazima yalikuwa habari ya mkole, na wanaume walewale waliomtania bibi ndio walioung'oa wigo wakauchoma moto. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye mlango wazi hakutoka.

Usiku wa kwanza wa msiba bibi alinilaza kwenye mkeka wake. "Alfajiri, mama yako alipokwenda kisimani, wewe ulikuja kwangu," akaninong'oneza. "Umesikia? Hukuwako." Nikasema nimesikia. Ndipo akalia, kwa sauti ya chini, hadi kulipokucha, na mkono wangu hakuuachia.

Sasa nimempita umri aliokuwa nao siku ile. Wajukuu wangu husema imani za wazee ni za kutishia watoto. Siwabishii, na siuapii mkole kwa jema wala baya. Bibi alisema mwenye wigo atafungiwa ndani, na alifungiwa. Ninalojua ni kwamba mti ule ulibebeshwa jambo ambalo mtoto wa miaka tisa asingeweza kulibeba, na aliyeubebesha ni mama wa marehemu. Huwa najiambia niliiachia kamba kwa kumwogopa nguruwe. Zipo siku nasadiki. Zipo siku nalisikia shavu langu likiwaka, na sisadiki.

Nimezaa wanne, na wote nimewaambia babu yao aliuawa na mkole. Leo ndiyo mara ya kwanza nasema kwamba aliniita, na aliniita mara mbili.