Babu Alipotikisa Kichwa

Juzi, hapa Kakuma, nilimkuta mjukuu wangu akitapika nyuma ya nyumba asubuhi ya mtihani, nikakumbuka mchana mmoja wa ujana wangu kule Lodwar. Kesho yake nilikuwa na mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Babu alikuwa amechinja mbuzi na kutandaza matumbo juu ya majani, asome humo mambo yajayo kama wazee wetu wafanyavyo. Nzi walivuma, harufu ya samadi mbichi ikanijaa puani. Nilidhani ananitazamia mtihani. Aliinama, akatikisa kichwa.

Nikajua nitaanguka mtihani. Kulipokucha nilijificha kwenye miti ya mikoma kando ya mto Turkwel mpaka saa za mtihani zikaisha.

Jioni babu akaniuliza, "Wewe, hesabu ilikuwaje?"

"Si uliona jana kwenye matumbo?"

Alishangaa. "Mimi nilikuwa natafuta mvua! Mambo ya hesabu, mbuzi atayajulia wapi?"

Cheti nilikikosa kwa kosa langu. Nilikimbia bila kuuliza. Basi juzi nilimpangusa mjukuu mdomo, nikamshika mkono, nikamsindikiza hadi mlango wa darasa.