Rangi Mbichi Kwenye Jina la Dieudonné

Mwanangu, weka brashi chini kidogo, unisikilize. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya vita, kaka yangu Dieudonné alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Simi-Simi, akiwa na rangi mpaka kwenye nyusi, kama wewe sasa. Mke wake, Odile, alikuwa amekimbia na binti yao mdogo hadi wakafika Amerika. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa bado hazijakamilika, kwa hiyo hakuweza kumwita mumewe. Lakini mwanasheria mmoja alikuwa amemwonyesha njia nyingine: msanii mwenye kipaji kisicho cha kawaida anaweza kuomba kupokelewa kwa ajili ya kazi yake.

Nikueleze taratibu, maana wengi hawalielewi jambo hili. Wale watu wa Amerika wanaotoa ruhusa hawakuulizi kama unajua kuchora. Wanataka kujua ni nani, nje ya nyumba yenu, anayejua kwamba unajua. Wanataka gazeti lililokuandika, tuzo uliyopewa, wajuzi wa kukusemea, na kazi zenyewe zikiwa na jina lako.

Dieudonné alicheka. Mji mzima si ulikuwa umejaa kazi yake? Kwenye ukuta wa baa kubwa ya mtaani kwetu aliwachora wavuvi wa Wagenia, wale wa maporomoko ya mto wetu, wakining'inia juu ya mitego yao, na maji yanachemka chini, hata walevi walikuwa wanavuta viti nyuma wasilowane. Watu walikuwa wanasimamisha baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, kutazama mbao zake za matangazo ya saluni.

Halafu kicheko kikakatika, akakaa chini. Kwenye kona ya kila picha palikuwa na jina moja tu: Lokuli.

Papa Lokuli ndiye aliyemfundisha. Na ndivyo ilivyokuwa desturi ya karakana zetu, mwanangu: mwanafunzi anaandika jina la mwalimu, hata akiwa ameoa, hata mwalimu akiwa hashiki tena brashi. Kuandika jina lako wakati mwalimu yu hai kulionekana kama kumzika. Hakuna aliyemlazimisha Dieudonné. Alikuwa anampenda yule mzee.

Tulivuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, tukamkuta mzee mlangoni kwake anakula lituma, ndizi za kupondwa. Dieudonné alizungukazunguka sana, akauliza afya, akasifu ndizi. Mimi ndiye niliyemweleza mzee kilichotuleta. Papa Lokuli akaweka chakula chini, akamgeukia Dieudonné.

"Miaka yote hii unaandika jina langu?"

"Ndiyo, papa. Iko heshima."

"Bon. Mimi nilikufundisha kuchanganya rangi. Nani alikufundisha kujificha?"

"Ni wewe, papa. Wewe pia uliandika jina la mwalimu wako."

Mzee akainuka. Aliosha mikono, akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyeusi na jingine la nyeupe. "Alors, twende," akasema. "Mutoto wako anakungoja."

Tukazunguka naye mjini, baa kwa baa, saluni kwa saluni. Macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo Dieudonné alimshika kiwiko, na mzee akafunika jina lake kwa rangi, akaandika juu yake jina la kaka yangu. Mama mmoja wa saluni akamtania: "Papa, umeuza duka?" Akamjibu kwamba hakuuza, alikuwa anarudisha mali ya mwenyewe. Nilimwona akifuta mkono kwenye suruali baada ya kila jina, na nilijua kinachomtoka si rangi peke yake. Mpiga picha tuliyemkodi alikuwa anatufuata nyuma, akipiga kila mchoro. Mzee akasema maneno ya ushahidi, tukayaandika, akatia dole gumba. Picha na ushahidi vyote vikaondoka kwenda kwa Odile, na msafiri mmoja aliyepata nafasi kwenye ndege.

Kisha majeshi ya wageni yakapigana katikati ya mji wetu. Bomu moja likavuka mto, likaangukia nyumba ya Papa Lokuli. Tulimzika harakaharaka, bila matanga. Ile baa ilibomoka pamoja na wavuvi wake.

Jibu la Amerika lilitufikia baadaye. Waliandika kwa adabu. Walisema katika kila picha jina linaonekana jipya kuliko mchoro, rangi yake bado inang'aa, na chini yake linaonekana jina lingine. Wakaomba yule mwalimu ajitokeze athibitishe. Mwalimu alikuwa kaburini, na kuta zilikuwa vifusi.

Siwalaumu. Mtu aliye mbali anaona kile kilicho mbele yake tu. Dieudonné aliijibu barua ile kadiri alivyoweza, lakini mlango ulifungwa. Alimsikia binti yake akikua kupitia simu tu. Sauti yake ilibadilika kutoka ya mtoto hadi ya mwanamke, na baba alikufa bila kumshika mkono tena. Lakini tangu mazishi ya mzee, kila alichochora alikiandika jina lake, na chini yake, kwa herufi ndogo: mwanafunzi wa Lokuli. Nilimuuliza kama hiyo ingemkera mzee. Akasema, "Angeshangaa tu kwa nini nilichelewa."

Nimekuita kwa sababu nimeona ubao wako mpya, na kwenye kona umeandika jina la mwalimu wako. Najua ni mapenzi. Mweke hapo, asitoke, ila akae chini ya jina lako. Mwambie leo, akiwa angali anaweza kukusikia, na aliyekusifu kwa mdomo mwombe akusifu kwa maandishi. Kazi ikiisha, ipigwe picha nawe ukiwa umesimama kando yake. Hata usiposafiri kamwe, watoto wako watajua mkono ule ulikuwa wa nani.

Mungu akulindie macho na mkono wako, akupe siku nyingi na wale unaowapenda. Sasa okota brashi. Ubao wako haujakauka bado. Andika jina lako.